Maji ya Milembe

Siku tuliyoondoa matanga ya mwanangu Zengo, hapa Kasoli, zilitolewa hotuba mbili. Ya kwanza aliitoa Machibya, kaka wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Ya pili aliitoa Januarius, mwanangu wa mwisho. Neno hiari Machibya hakulitamka hata mara moja. Januarius alilitamka mpaka likachakaa kama kanga ya kushindia jikoni. Nazikumbuka zote mbili, maana aliyekuwa anazungumziwa ni mkwe wangu Milembe, mke wa Zengo, na kilichokuwa kinaamuliwa ni kama atabaki na wanawe au atarudi kwao Sola peke yake.

Katika ukoo wetu mjane akishanyolewa na kuoga anatoka ndani na kibuyu cha maji. Ndugu wa kiume wa marehemu wanakuwa wamekaa uani kwenye vigoda. Anapita mbele yao, na yule anayempa kibuyu anakunywa. Akishakunywa, nyumba ya yule mama iko juu yake: nyasi za paa, jembe la shamba, mtoto akishikwa na homa, vyote. Wengine wanalala naye, wengine hawalali naye, hayo ni yao wawili. Lakini kukataa kunywa, hapana. Hata mlevi anakunywa. Hata mwenye wake watatu anakunywa huku wake zake wakinuna. Mjane asipompa mtu yeyote, maana yake anarudi kwao, na watoto wanabaki, kwa sababu ng'ombe wa mahari walishakwenda, na ng'ombe wakishakwenda watoto ni wa huku.

Ng'ombe wa Milembe walikwenda wote. Mume wangu Jilala alikuwa mtu wa kulipa.

Zengo alikuwa mkulima wa pamba. Pamba ilipoanza kutuchezea akaanza kwenda Lamadi kuchukua samaki na kuwauza minadani. Mwanzo alikaa huko siku chache, baadaye ikawa miezi. Aliporudi mara ya mwisho alikuwa haendeshi tena baiskeli, anaiegemea. Suruali imefungwa kwa kamba. Watu walisema ni kifua, na sisi tukasema ni kifua. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja.

Huo ulikuwa mwaka wa pili wa soko huria. Zamani pamba yote tulipeleka chama cha msingi, utake usitake. Karani wa mizani alitupunja, na malipo yalichelewa mpaka mtu anasahau alitaka kununua nini. Lakini pamba yako ilipokelewa, safi kwa bei ya safi, fifi kwa bei ya fifi. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na malori, na kwenye mkutano wa kijiji tukaambiwa mkulima sasa ana uhuru wa kumchagua amtakaye. Tukapiga makofi, mimi nikiwemo. Mwaka ule mvua ilinyesha wakati pamba imeshapasuka, nyingi ikachafuka ikawa fifi. Lori likaja, likachukua safi, likaondoka. Aliyesimamia lori hilo alikuwa Januarius. Alishika pamba ya kaka yake, akaitawanya kiganjani, akasema, "Kampuni haichukui hii, kaka. Ningeweza ningekusaidia." Zengo alikuwa mlangoni, anakohoa. Lori jingine halikuja. Pamba ikabaki ndani ya nyumba, imejaa chumba mpaka usawa wa dirisha, na alipokufa Milembe na watoto walikuwa wanalala juu yake.

Asubuhi ya siku ile ya kuondoa matanga nilikuwa jikoni na Milembe tunachambua michembe, vile viazi vikavu, kwa ajili ya wageni. Alikuwa ameshanyolewa. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani siku zote. Binti yake Dorkasi alikuwa nje anambembeleza mdogo wake, aliyepewa jina la babu yake, Jilala.

"Mayu," akaniita, maana ndivyo walivyoniita wote, mama. "Nimpe nani?"

"Moyo wako unasemaje?"

"Moyo hausemi kitu, mayu. Unagonga tu."

"Mihayo ni mtu mzuri," nikamwambia. Mihayo ni mwanangu wa kati, analima ng'ambo ya korongo na ana wake wawili. "Siku ya mnada ana kelele za pombe, lakini jembe lake halilali."

"Ndicho ninachoogopa, kwamba ni mtu mzuri." Alikata jicho la kiazi kwa kisu, akalitupa. "Kama kilichomchukua Zengo kimo ndani yangu? Nimpelekee Mihayo, na wake zake wote wawili?"

Nikachukua kiazi kingine.

"Maji si kitanda," nikasema. "Mpe, halafu umwambie mapema: shemeji, mlango wa chumbani umefungwa."

"Atakubali?"

"Akishakunywa, akubali asikubali, nyasi ataleta."

Akacheka kidogo. "Mimi nataka hizo nyasi tu, mayu. Nyasi na watoto wangu. Sola sirudi. Huyu mdogo bado ananyonya, nikimwacha atanyonya nini, pamba?"

Tukasikia pikipiki. Alikuwa Januarius na mkewe Nancy, wametoka Bariadi mjini. Nancy akaja moja kwa moja jikoni, gauni kalishika kwa vidole viwili lisiguse majivu.

"Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu." Akamgeukia Milembe. "Mke mwenzangu, pole na kazi." Ndivyo wake wa ndugu wanavyoitana kwa utani. "Leo jicho langu liko kwenye hicho kibuyu chako. Ukifika mbele ya mume wangu, pita mbio kama umekanyaga siafu."

"Na nikijikwaa?"

"Jikwae kwa Mihayo. Yule ameshazoea msongamano."

Tulicheka sote, hata Milembe. Lakini Nancy alicheka amesimama. Nilimsogezea kigoda, hakukaa. Nilimpa maji, akalowesha midomo tu, akakiweka kikombe chini taratibu, na kitambaa akakitoa mkobani akajifuta. Kikombe kilikuwa cha Milembe. Milembe alikiona, akakichukua, akakisuuza, akakining'iniza.

Jua lilipopanda tukakusanyika uani. Vigoda viliwekwa viwili, Mihayo na Januarius wakakaa. Wake za Mihayo walikuwa nyuma yake kama mashahidi wa kesi. Watu wa kanisani walikuja pia pamoja na katekista wetu Selestini, na vijana waliokuwa wameacha kupakia pamba waje kula.

Machibya akabana ugoro puani, akapiga chafya, akaanza.

"Nyamazeni. Njaa inawauma na mimi inaniuma, kwa hiyo sitachelewesha. Wewe Milembe, binti wa Masunga wa Sola. Ulikuja hapa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao niliwaswaga mimi mwenyewe mpaka kwa baba yako. Mmoja alinikanyaga mguu, kovu ninalo." Watu wakacheka. "Kwa hiyo huendi popote. Hatukuulizi kama unatupenda. Hata sisi hatukupendi kiasi hicho." Wakacheka tena. "Waume ni hawa wawili, hatuna wengine, mama yao alichoka." Wakanitazama mimi, ikabidi nicheke nao. "Utampa mmoja maji, atakunywa. Paa likivuja limevuja kwake. Mtoto akilia njaa amelia kwake. Ukiugua utakorogewa uji kwake, na ukifa shimo atachimba yeye. Wewe Mihayo na wewe Januarius msinitolee macho, nyinyi pia sikuwauliza. Asiyetaka kupewa maji asingezaliwa kwenye kaya hii. Na huyo binti, Dorkasi, siku akiolewa ng'ombe wake wanapita kwangu kwanza. Nimemaliza, toeni maji."

Haikuwa hotuba ya kupendeza. Milembe alisimama mlangoni na kibuyu chake, anazungumzwa kama mtamba wa mnadani.

Ndipo Januarius akainua mkono. "Baba mkubwa, naomba neno."

"Liwe fupi."

Akasimama. Shati lilikuwa jeupe, kalamu mfukoni, mkanda ameukaza mpaka ncha yake ikaning'inia pembeni. Sauti yake ni nzuri, tangu mdogo alisomeshwa masomo kanisani kwa ajili ya sauti hiyo.

"Wazee wangu, shikamooni. Baba mkubwa, nakuheshimu, na mila naiheshimu. Lakini tumtazame huyu dada. Ni mtu. Ana akili, ana moyo, alibatizwa kwa jina lake, si kwa jina la ng'ombe. Nchi yetu imetoka kwenye kulazimishana. Tulilazimishwa kuhamia vijijini, tukalazimishwa kulima ekari, tukalazimishwa kuuza mahali pamoja. Yamepita hayo! Leo kuna vyama vingi, kuna soko huria, mtu anachagua kiongozi wake, anachagua mnunuzi wake. Je, mwanamke huyu ndiye abaki peke yake bila hiari? Mimi nasema hapana. Shemeji Milembe, una hiari. Ukitaka kubaki, baki. Ukitaka kwenda, nenda, hakuna atakayekufunga kamba. Ukitaka kumpa mtu maji, mpe umtakaye, hata asiwe kwenye vigoda hivi. Wewe ni mtu huru. Na ndugu nao, vilevile, kila mmoja kwa hiari yake. Hiyo ndiyo haki, na hata Mungu alituumba na hiari. Ahsanteni."

Watu walipiga makofi. Selestini alisema amina, kwa kuwa kanisa halikuupenda urithi wa wajane. Vijana wa pamba walipiga mluzi. Na Milembe, pale mlangoni, machozi yalimtoka. Nilijua si ya huzuni. Hakuna mtu aliyekuwa amesema maneno kama yale juu yake tangu azaliwe.

Mimi nilibaki na ile sentensi iliyopita haraka, kama mtu anayepitisha debe la fifi katikati ya safi. Na ndugu nao vilevile.

Machibya naye alikuwa ameisikia. Masikio yake ni mazito, lakini kwa mambo ya namna hii huwa mepesi.

"Ngoja," akasema. "Yaani anayepewa anaweza kukataa?"

"Ndiyo maana ya hiari, baba mkubwa. Haiwezi kuwa ya upande mmoja."

"Basi kibuyu cha nini?"

"Ni cha heshima. Ishara."

Watu walicheka, na safari hii walimcheka mzee. Machibya alitazama uani, akaona nyuso, akaona hana watu. Akachota ugoro mwingine. "Haya," akasema. "Mimi wa zamani. Toeni hiyo ishara yenu."

Milembe akatoka. Alitembea wima kuliko nilivyowahi kumwona, kibuyu kakishika kwa mikono miwili. Alikuwa ameamua, nilijua ameamua. Akapiga magoti mbele ya Mihayo.

Mihayo alinyoosha mikono. Naapa alinyoosha, vidole viligusa kibuyu. Kisha mke wake mkubwa akakohoa nyuma yake, kikohozi cha makusudi, na mikono ya Mihayo ikasimama hewani. Akamtazama Januarius, kama mtu anayeuliza kama kweli mlango uko wazi. Akairudisha mapajani.

"Shemeji," akasema, na sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Shemeji, nisamehe. Kama ni hiari..."

Hilo halikuwa limewahi kutokea katika kaya yetu. Milembe alibaki amepiga magoti na kibuyu chake. Halafu akainuka, akasogea kigoda cha pili. Nadhani hakwenda kwa kutaka. Miguu ilifuata mstari.

Nancy alifumba macho.

"Shemeji," alisema Januarius kwa upole, akainama amshike bega, asimshike. "Nakuheshimu mno, ndiyo maana sitakudanganya. Nina mke mmoja wa ndoa ya kanisa. Lakini hiari yako iko palepale. Chagua chochote, tutakuunga mkono."

Kwa hiyo Milembe alikuwa amesimama katikati ya ua, ana ruhusa ya kumpa maji mtu yeyote duniani, na hakuna wa kunywa. Alizunguka polepole. Aliwatazama watu wa kanisani, wakatazama chini. Aliwatazama vijana, mmoja akacheka kwa aibu akajificha nyuma ya mwenzake. Dorkasi alikuwa ukutani na mdogo wake mgongoni, na alikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa kwamba maji yakirudi ndani, mama yake anaondoka.

Milembe akaja kwangu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake. Akapiga magoti.

"Mayu."

Nilikuwa na nini mimi? Jembe moja, shamba la marehemu mume wangu, na magoti yanayolia nikiinuka. Mimi mwenyewe nilikuwa naishi kwa nyasi za Zengo. Nikakipokea kibuyu nikayanywa maji yote, mpaka tone la mwisho, mengine yakinimwagikia kifuani.

"Mwanamke hanywi!" Machibya alisema.

"Mwacheni, baba mkubwa," Januarius akasema haraka, na nafuu ilikuwa usoni mwake imejaa kama mwezi. "Amechagua. Hiyo ndiyo hiari yenyewe!" Akaanza kupiga makofi, na watu wakamfuata, na wake za Mihayo wakapiga kuliko wote.

Machibya aliinuka akakung'uta vumbi la makalio. "Basi kaya hii ina wanawake wawili na pamba fifi," akasema. "Leteni chakula."

Milembe alibaki na watoto wake. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu ndilo alilolitaka, na alilipata.

Tulilima sisi wawili, na Dorkasi baada ya shule, halafu Dorkasi bila shule. Ile pamba ya chumbani ilishika ukungu, ikawa inanuka kama nguo ya mtoto mchanga. Mvua za vuli zilipoanza paa la Milembe lilivuja. Nilivuka korongo kwenda kwa Mihayo. Alinikaribisha, akanipa maziwa, hakunitazama machoni.

"Mayu, ningekuja," akasema. "Lakini nikija kushika paa lile, hawa wake zangu watasema nimekunywa kwa mlango wa nyuma. Ungenilazimisha siku ile, mayu. Mngenilazimisha, ningekuja na wangenyamaza."

"Unataka kulazimishwa, mtu mzima?"

"Ilikuwa rahisi zaidi," akasema, na sikumdharau, maana alikuwa anasema kweli.

Januarius alipita na pikipiki siku ya mnada. Alituachia sukari na sabuni. Nikamwonyesha paa. "Mayu," akasema, "mlichagua njia ngumu, lakini ni yenu. Naheshimu sana uamuzi wenu." Alikuwa anahema kwa kutembea tu kutoka kwenye pikipiki.

Aliyeleta nyasi ni Machibya. Alikuja na mkokoteni wa ng'ombe umejaa, wajukuu zake wakasukuma nyuma, akakaa kwenye kigoda akiwatukana mpaka paa likaisha. "Sikupewa maji mimi," akaniambia. "Usije ukasema nilipewa. Lakini mvua haiulizi." Alipokuwa anaondoka alimtazama Dorkasi kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Anakua huyu," akasema. "Msisahau wale ng'ombe." Nyasi zake zilikuwa nzuri, hazikuvuja, na kila nilipozitazama nilikumbuka ng'ombe wa Dorkasi.

Milembe alianza kikohozi baada ya palizi. Mimi nilikijua kikohozi kile. Aliugua muda mrefu, na kwa kuwa kitanda kilimuumiza mifupa tulimlaza juu ya ile pamba. Ilikuwa imechafuka lakini ni laini. Siku moja mchana nilikuwa namnywesha uji.

"Mayu, siku ile ya matanga," akasema, "hotuba ya nani ilikuwa nzuri?"

"Ya Januarius."

"Eh. Ng'hana, kweli. Nililia. Nilisema moyoni, kumbe mimi ni mtu." Akapumzika. "Na ya Machibya ilinitukana kuanzia juu mpaka chini."

"Ndivyo alivyo."

"Lakini ukiyaondoa matusi, mayu, mle ndani kulikuwa na mtu wa kunikorogea uji. Alimtaja kabisa. Kwa Januarius nilitafuta baadaye nani atakoroga uji, sikumwona. Nilikuwemo mimi peke yangu." Alimeza kijiko kimoja, cha pili akakikataa kwa kichwa. "Hivi hakuna mtu anayeweza kuzisema zote mbili? Kwamba nichague, na niliyemchagua anywe?"

"Sijamsikia bado."

"Hata mimi," akasema, akafumba macho, na mkono wake ukawa unachambua mbegu kwenye pamba, kwa mazoea tu.

Tulimzika wakati wa kupanda, watu wana haraka ya mashamba. Mihayo alichimba kaburi peke yake tangu alfajiri, akamkataza kila aliyetaka kumpokea jembe. Tuliporudi uani watu wakakaa, na Januarius akasimama kutoa shukrani. Shati lilikuwa lilelile jeupe, ila sasa mabega yalikuwa yanaogelea ndani yake.

"Ndugu zangu," akasema, "marehemu alikuwa mtu huru. Tunajivunia hilo. Alikuwa na njia nyingi mbele yake. Angeweza kwenda kwao, angeweza kuanza maisha mapya. Alichagua kubaki hapa. Hakuna aliyemlazimisha. Hali aliyoipata, aliipata kwa hiari yake mwenyewe, na sisi..."

Nikainuka. Magoti yalilia, nikayaacha yalie. Nikaingia ndani nikakitungua kibuyu, nikakijaza mtungini, nikatoka nimemshika Jilala mkono na Dorkasi nyuma yangu. Januarius alinyamaza kabla sijamfikia.

"Mayu, bado nasema."

"Umesema vizuri, mwanangu. Kaa."

Akakaa. Siwezi tena kupiga magoti, kwa hiyo nilimpa nikiwa nimesimama. "Mimi nilikunywa ya mama yao," nikasema. "Ya watoto hawa siwezi kuyamaliza, nimezeeka. Haya ni yako. Nawe una hiari, watu wote wamesikia."

Machibya aliacha mkono wake kwenye kopo la ugoro.

"Mayu," Januarius akaanza, "hali ya sasa hivi, kampuni imepunguza watu, na mimi mwenyewe..." Kikohozi kikamkamata. Alikohoa akijaribu kukimeza, kikamshinda, akainama, akakohoa mpaka kalamu ikaanguka mfukoni. Hakikuwa kikohozi cha vumbi. Kila mtu pale uani alikuwa ameshauguza mtu, kila mtu alikijua. Mihayo akageuza uso. Mimi, mama yake, nilibaki nimeshika kibuyu.

Nancy ndiye aliyekuja. Alikuwa amekaa mbali, pamoja na wanawake wa mjini. Akapita katikati ya watu, akakichukua kibuyu mikononi mwangu, akaweka mdomo palepale ambapo mimi niliweka wangu siku ile, na marehemu wake alipokuwa anaugua, akanywa. Alikunywa bila kujifuta.

"Mwanamke hanywi," Machibya alisema, lakini alisema kwa sauti ndogo, kama anayejikumbusha tu.

"Mayu alikunywa," Nancy akajibu. Kisha akanisogelea sikioni, harufu ya sabuni ya mjini ikanijia. "Na yangu, mayu? Yangu atayanywa nani?"

Niliwatazama wanangu wawili, mmoja anafuta mdomo kwa kitambaa, mwingine ana udongo wa kaburi mpaka viwikoni. Nikamsogezea kigoda.

Safari hii alikaa. Akampakata Jilala, akamwita Dorkasi aje karibu, na macho yake yalikuwa kwenye mkanda wa mumewe, kwenye tundu jipya lililotobolewa kwa msumari.